Nyumba ya Wengi, Jina la Mmoja

Treni ya Kigoma ikishaiacha Tabora, msitu wa miyombo huisogelea reli kutoka pande zote mbili, kisha mahali fulani hufunguka na Usoke hujitokeza: stesheni, miembe, mapaa ya bati, na katikati ya mashamba vijengo virefu, vyembamba, visivyo na madirisha. Mgeni huvidhania maghala, au makanisa yaliyokosa waumini. Ni mabani, nyumba za kukaushia tumbaku. Bani likiwa kazini hutoa moshi usiku kucha, na mwenyewe hulala kando yake akichochea kuni. Likishachoka, huvuliwa kwa utaratibu usiobadilika: bati huondoka kwanza, maana bati ni fedha; miti ya kutundikia majani hufuata, maana nayo ni kuni; matofali ya juu hubebwa na mwenye haja; ukuta unaosalia huachiwa mvua. Hata hivyo misimu kadhaa baadaye pembe moja huweza kukutwa bado imesimama wima, imenyooka kama siku timazi lilipoondolewa.

Pembe hiyo ina mtu wake. Lakini mwenyeji akiulizwa bani lile ni la nani, jibu lake ni la mwenye shamba: alilima ekari kadhaa, mwaka fulani soko likamkubali, akaezeka nyumba, watoto akawapeleka shule Urambo. Akiulizwa ni nani aliyelijenga, husita. Fundi alikuja, alilala siku chache, alikula ugali na maharage ya mwenye bani, alipokea chake akaenda zake. Aliitwa Fundi. Katika kijiji ambako ukoo wa kila mtu unajulikana hadi kwa babu wa babu, jina la cheo lilitosha kumfunika mtu mzima.

Si Usoke peke yake. Nyumba duniani hukumbukwa kwa aliyeimiliki, na zaidi ya hapo kwa aliyelala ndani yake. Kitongoji chenye kelele kuliko vyote Dar es Salaam kinaitwa kwa wapangaji: wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale baada ya mji kutwaliwa Septemba 1916, na ulimi wa watu ukaifanya Kariakoo. Ndani yake kuna mtaa unaobeba jina la Wanyamwezi, waliokuwa wakiujua mji huo tangu enzi za kupeleka pembe za ndovu pwani mabegani. Nyumba zenyewe, zile za vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, jiko na choo uani, zilijengwa na kurudiwa mara elfu bila mtu kusaini mchoro. J.A.K. Leslie, katika utafiti wake wa Dar es Salaam uliochapwa mwaka 1963, aliwatazama kwa makini wenye nyumba hizo na wapangaji wao, kodi zao, ugomvi wao na heshima zao. Mtaa mzima uliweza kuelezwa vizuri namna hiyo bila fundi kuingia katika hadithi.

Mfano ulio mkubwa kuliko wote uko Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini. Pale kuna tembe: jengo la udongo la pembe nne, paa la ubapa, vyumba vimepangwa kuzunguka ua. Linaitwa Tembe la Livingstone. Livingstone hakulijenga, hakulinunua, wala hakulipia kodi. Gavana wa Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, Said bin Salim al-Lamki, ndiye aliyempa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley makazi Kwihara mwaka 1871. Stanley akaenda Ujiji, akamkuta mzee aliyekuwa akimtafuta, wakarudi pamoja tarehe 18 Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone alibaki akiwangoja wapagazi wa kuletwa, na tarehe 25 Agosti akaondoka, asirudi tena akiwa hai. Kukaa kwake kote ni miezi sita na siku chache, muda ambao mpangaji wa Kariakoo anakuwa bado hajamaliza kuzoeana na majirani wa uani. Umetosha kulibatiza jengo kwa karne na nusu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwihara mgeni alikuja, na mwenyeji akapotea. Said bin Salim hakuwa mtu mdogo: ndiye aliyeongoza msafara wa wapelelezi Richard Burton na John Speke kutoka pwani mwaka 1857, akafika nao Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka huo. Leo mwanafunzi anayeletwa Kwihara na basi la shule huondoka na jina moja kichwani, na si lake. Kama gavana alisahaulika, itakuwaje aliyekanyaga udongo?

Burton hakuwa mvivu wa kuandika. Alizieleza nyumba za Unyanyembe kwa marefu: baraza pana mbele, kikao cha udongo cha kupokelea wageni, ukumbi, kisha vyumba vinavyotazama ndani uani na kuipa njia mgongo. Alikuwa na jicho kali na ulimi mkali zaidi. Aliwataja wafanyabiashara, akiwamo mwenyeji wake Snay bin Amir, na bidhaa zao na bei zao. Mikono iliyochanganya udongo, ya watumwa na ya vibarua, imebaki nje ya kitabu.

Na bado tembe si kazi ya kubahatisha. Nguzo huchaguliwa katika miti migumu isiyotafunwa upesi na mchwa. Katikati ya nguzo husukwa fito. Fito hukandikwa udongo, na fundi mwenye akili huuchukua kwenye kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshauchekecha na kuushika barabara. Kazi ngumu iko juu. Boriti hupangwa zikikaribiana, zikafunikwa fito na majani, kisha udongo ukamwagwa na kushindiliwa mpaka paa zima likawa sakafu ya pili, yenye mwinamo kidogo tu wa kuyasindikiza maji. Mwinamo ukizidi, mvua huubeba udongo. Ukipungua, maji hutuama na boriti huoza. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Kuna macho, na kuna kumbukumbu ya paa lililoporomoka mwaka uliopita. Usipoziba ufa utajenga ukuta ni methali ambayo kwa watu wa tembe ilikuwa ratiba ya kazi, ya kila mwaka kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Yule mpangaji wa Kwihara, Livingstone, ambaye kila mtu anamjua, alikuwa amezaliwa katika nyumba ya kupanga.

Mji wa Blantyre, kando ya mto Clyde nchini Scotland, ulikuwa na kiwanda cha nyuzi za pamba kilichoanzishwa mwaka 1785 na David Dale na James Monteith. Kiwanda kilijenga nyumba za wafanyakazi wake, na mojawapo ni safu ya ghorofa tatu iitwayo Shuttle Row, yenye ngazi za kuzunguka ndani ya minara iliyochomoza nje ya ukuta. Familia 24 ziliishi humo, chumba kimoja kwa familia. Humo, tarehe 19 Machi 1813, David Livingstone alizaliwa, katika chumba cha takriban mita nne kwa tatu kilichokuwa jiko, kitanda, meza na darasa la wazazi wawili na watoto watano. Alipofika umri wa miaka 10 aliingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Mtu aliyekulia katika chumba cha namna hiyo hakuhitaji kufundishwa ua wa tembe: majirani kusikia kikohozi cha kila mmoja, maji kuchotwa kwa zamu, ugomvi wa jiko kufika kwa wote kabla haujaisha. Wasafiri wenzake wengi wa Kizungu waliziona nyumba za wengi kuwa adha. Yeye alizizoea kabla hajajua kusoma.

Kufikia miaka ya 1920 kiwanda cha Blantyre kilikuwa kimekwisha na safu ya Shuttle Row imechakaa, inangoja kubomolewa. Ilimhitaji mchungaji mmoja mkaidi, James Macnair, kuzunguka akichangisha fedha, nyingi zikiwa senti za watoto wa shule za Jumapili, ili safu inunuliwe na kufanywa kumbukumbu. Na ilihitaji msanifu majengo. Aliyepewa kazi ni Frank Mears, jina ambalo leo hata mitaani Edinburgh halimshtui mtu.

Mears alizaliwa mwaka 1880 Tynemouth, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, mtoto wa daktari, akajifunza usanifu Edinburgh. Maisha yake yaligeuka alipokutana na Patrick Geddes, mwanabayolojia aliyehamia uwanja wa mipango miji, mtu wa maneno mengi na mawazo mengi zaidi. Geddes alikuwa amefanya jambo ambalo watu wa daraja lake hawakulifanya: mwaka 1886 yeye na mkewe walihamia katika nyumba ya ghorofa ya kupanga kwenye mji mkongwe wa Edinburgh, mahali palipokuwa na sifa ya uchafu na msongamano, wakaanza kupaka chokaa, kufungua madirisha na kutengeneza bustani kwenye vipenyo. Fundisho lake lilikuwa kwamba mtaa wa maskini hautibiwi kwa kuubomoa wote. Ondoa kilichooza, acha kilicho hai, ingiza hewa. Mears akalishika fundisho hilo, akashika na binti: mwaka 1915 alimwoa Norah Geddes, ambaye naye alikuwa amejishughulisha na bustani za watoto katika mitaa hiyo hiyo ya kubanana.

Kuwa mkwe wa mtu mashuhuri kuna gharama yake. Mpangilio wa bustani ya wanyama ya Edinburgh, iliyofunguliwa mwaka 1913, ulikuwa kazi yao wote wawili, na Geddes ndiye anayetajwa kwanza. Baada ya vita walichora Chuo Kikuu cha Kiebrania juu ya Mlima Scopus, Jerusalem, wakiweka katikati ukumbi wenye kuba kubwa. Kuba haikujengwa kamwe, na Mears aliendelea miaka mingi kuhangaika na vipande vilivyowezekana, ikiwamo maktaba. Ukimtafuta katika vitabu utamkuta katika sentensi za pembeni, baada ya mkato. Hata hivyo kuna kazi moja aliyoifanya vizuri kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake, nayo haikuhitaji kuba. Alijua kuingia katika nyumba kuukuu iliyokaliwa na watu wengi mno, akaisikiliza, akaiacha isimame.

Alianza na Huntly House katika mtaa wa Canongate, ambayo aliikarabati kati ya 1927 na 1932 ikawa makumbusho ya jiji. Wakati huohuo alikuwa Blantyre. Mwaka 1934 jengo la ghorofa sita liitwalo Gladstone's Land, karibu na ngome ya Edinburgh, liliokolewa lisibomolewe, naye akaitwa tena. Mafundi walipoondoa dari za baadaye walikuta chini yake mbao zilizopakwa rangi katika karne ya 17, matunda na maua yaliyofunikwa kwa vizazi vya wapangaji. Jengo lina jina la Thomas Gledstanes, mfanyabiashara aliyelinunua mwaka 1617 na kulipanua, akaishi humo na kupangisha sehemu zilizobaki. Mwenye mali, kwa mara nyingine. Aliyeshika brashi ya yale matunda ameingia katika kundi la Fundi wa Usoke.

Kazi ya Blantyre ndiyo iliyo na kitendawili ndani yake. Mears alirudisha safu nzima katika sura yake, akakiacha kile chumba kimoja kionekane kama chumba cha familia, na vyumba vya majirani akavigeuza ukumbi wa maonyesho. Mchongaji Charles d'Orville Pilkington Jackson akajaza humo michongo ya matukio ya maisha ya Livingstone. Duchess wa York alipafungua tarehe 5 Oktoba 1929. Familia 24 zikawa familia moja. Hakuna wa kumlaumu kirahisi: bila jina la Livingstone senti za watoto zisingekusanyika, na bila senti safu ingekuwa kifusi. Jina la mpangaji mmoja lilinunua uhai wa nyumba ya wengi, na wale wengi wakalipia kwa kufutwa. Pengine ndiyo bei ya soko. Lakini inafaa mtu aione kuwa ni bei.

Kwa hiyo mtu mmoja ana nyumba mbili zinazotunzwa kwa ajili yake, moja ya mawe kando ya Clyde na moja ya udongo chini ya miembe ya Unyanyembe. Ile alimozaliwa na ile alimowangojea wapagazi. Zote mbili ni nyumba za vyumba vilivyopangwa kando kando chini ya paa moja. Tofauti ni kwamba ya kwanza inajulikana nani aliyeiokoa.

Usoke haina nyumba ya kuonyesha. Sababu ni Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi. Njia fupi ya kutoka Tabora kwenda Ujiji ilielekea magharibi, upande huu ambao reli ilikuja kupita baadaye, na mwaka 1871 Mirambo aliifunga. Mwezi Agosti mwaka huo Waarabu wa Tabora walitoka kwenda kumpiga, na Stanley, kwa kiburi cha ujana, akajiunga nao; wakarudi mbio. Mirambo akawafuata hadi Tabora, sehemu ya mji ikachomwa. Stanley akalazimika kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo, na aliporudi na Livingstone walikuja kwa upande huohuo wa kusini. Yule aliyekuwa na uwezo wa kulibatiza tembe kwa kulala ndani yake hakulala Usoke, na mahali pasipolala mtu mashuhuri hapawekwi kibao.

Mirambo mwenyewe alikuwa mjenzi kuliko wengi wa waliomwandika. Makao yake Iselamagazi yalikuwa ngome ya udongo ya pembe nne, katika nchi ambayo watu wake walizoea zaidi msonge wa mviringo ulioezekwa nyasi. Alipofariki mwaka 1884 dola yake haikukaa muda mrefu, na ngome ikaanza safari ya kurudi kichuguuni. Nyumba ya udongo haihimili vishindo, kweli. Ila methali hiyo imetungwa na mtu aliyetazama nyumba, si aliyetazama ujenzi. Kilichodumu Unyamwezi hakikuwa ukuta. Ilikuwa namna ya kuuinua tena. Wanaume walikata miti, wanawake walileta maji na kukandika, vijana walikusanya nyasi, pombe ikachemshwa, na nyumba ikawa imesimama. Hata iwanza, jumba la wanaume ambalo Burton aliliona katika vijiji na ambamo msafiri aliweza kutupa mkeka wake, lilijengwa hivyo. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Katika nchi ambayo kila mkono umewahi kushika udongo, fundi hakuwa mtu wa kutajwa kwa upekee, na hapo labda kutokutajwa hakukuwa dharau.

Yuko mjenzi mmoja wa msafara wa Livingstone ambaye jina lake limepona. Livingstone alipozidiwa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watu wake walimjengea kibanda, na humo alifariki mapema Mei 1873. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita nao Unyanyembe, ambako walimkuta msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Mwaka huo Susi na Chuma walipelekwa Uingereza kumsaidia Horace Waller kuhariri shajara za marehemu, na huko Newstead Abbey Susi alitengeneza mfano wa kile kibanda ili wenyeji wapate kukielewa. Jambo hili halipewi uzito unaostahili. Miaka 50 na zaidi kabla Mears hajaingia Blantyre na rula yake, mtu wa msafara alikuwa ameshafanya ukarabati wa kwanza wa makazi ya Livingstone, kwa kumbukumbu ya mikono tu, katika nchi ambayo hata nyasi zake hazikuwa zile alizozizoea.

Mamlaka nayo hupendelea sahihi zake. Unguja kuna majengo ya serikali ya mwanzo wa karne ya 20 ambayo kila mwongoza watalii huyataja kwa jina la John Houston Sinclair, ofisa aliyesomea usanifu kisha akapanda hadi kuwa Residenti mwanzoni mwa miaka ya 1920: Mahakama Kuu, Posta ya Shangani, makumbusho ya Beit el Amani yaliyofunguliwa mwaka 1925. Alichora hata sinema ya Royal pale Vuga. Mafundi waashi waliokata matumbawe na kuyapindisha yale matao ya Kiarabu walijua tao kuliko yeye. Yeye alikuwa na meza.

Upande wa bara, meza ilikuwa Frankfurt. Kampuni ya Philipp Holzmann ilianza kuijenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na tarehe 1 Februari 1914 ikafika Kigoma, juu ya mataruma ya chuma yaliyokusudiwa kuwakatisha tamaa mchwa. Stesheni ndogo zilikuja na reli, na kota za wafanyakazi zikafuata: safu za vyumba, mlango kwa mlango, familia kwa familia. Hazikupata amani ya muda mrefu. Mwanzoni mwa Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kigoma chini ya Olsen, Mdenmarki aliyeitumikia Kongo, yalipigana na Wajerumani hapa hapa Usoke, yakisukuma kuelekea mashariki. Tarehe 19 Tabora ikatekwa. Jenerali wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni wenye jina la Tabora. Mtu naye anaweza kuitwa kwa mji aliopanga humo.

Kisha yakaja mabwana wa karanga. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Urambo, jirani wa Usoke, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za ule mradi mkubwa wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Msitu ulisukumwa kwa matrekta, nyumba za wataalamu zikasimama, karanga zikagoma. Mradi ulipofungwa, tumbaku ndiyo iliyorithi ardhi iliyosafishwa, na kwa tumbaku likazaliwa jengo jipya ambalo hakuna msanifu wa Frankfurt wala Edinburgh aliyelichora kwa ajili ya mkulima wa Usoke. Bani lilijifunzwa kwa macho, fundi kwa fundi. Urefu wake hutokana na joto, ambalo sharti lipande polepole kupitia majani yaliyotundikwa ngazi kwa ngazi. Moto hukaa nje, na mabomba huupitisha ndani bila moshi kuyagusa majani. Ukuta ukivuja, jani hubaki na rangi ya kijani na bei huanguka. Ni jengo lenye mtihani kila msimu, na mtihani wenyewe husahihishwa sokoni kwa shilingi.

Msitu ndio unaolipa mitihani hiyo. Kukausha tumbaku hula kuni, na kuchoma matofali hula kuni. Kando ya nyumba nyingi mpya za Usoke huonekana tanuri la matofali lililopakwa tope, likifuka siku kadhaa. Nyumba ya matofali na bati ni haki ya kila anayeitaka, na hakuna mwenye akili atakayemwambia mkulima arudi chini ya paa la udongo ili watalii wafurahi. Lakini kila tanuri linaloachwa likapoa huongeza umbali wa kuifuata mininga na mitundu mikubwa. Hiyo ndiyo miti ya boriti. Tembe la Kwihara, likitunzwa kama tembe na si kama picha ya tembe, litaendelea kudai boriti ndefu ngumu, udongo wa kichuguu, na mtu anayejua mwinamo wa paa kwa macho. Mears alipoingia Gladstone's Land, Edinburgh bado ilikuwa na waashi wa mawe na maseremala wa kutosha. Vijana wa Usoke wanaoshika mwiko leo wamejifunzia tofali na bani. Wale waliowahi kushindilia paa la udongo wamezeeka.

Mkataba wa reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na kazi kama hiyo huja na makambi yake, kota zake na vibarua wake wa kila lugha. Waandishi wa mikataba hawatasahauliwa. Ukarabati ujao wa tembe la Kwihara ungeweza kwenda kinyume kidogo na desturi kwa kuanza na daftari la kawaida la shule: jina la aliyechagua nguzo na kijiji alichotoka, jina la aliyekandika, mwanamke aliyeleta maji na mara ngapi, aina ya mti na msitu ulikokatwa, malipo ya kila mmoja. Pengine fundi wa bani kutoka Usoke atakuwamo, kwa kuwa kusimamisha pembe anajua. Simu aliyonayo mfukoni inapiga picha nzuri kuliko vyombo vyote vya Holzmann, na jina lake kamili limeshaandikwa kwenye laini yake.